Upande wa Pili wa Ngozi

Jumanne, 3 Juni 1913

Asubuhi darasa la kusoma, mchana ngozi. Kama jana. Nimeikwangua ile ngozi ya mbuzi mpaka vidole vimekuwa si vyangu. Nyama bado imeng'ang'ania shingoni. Nimeirudisha majini, ndani ya gogo langu la zamani la mti wa mringaringa, lililochongwa kama mtumbwi. Humo ndimo nilimotengenezea pombe ya ndizi kabla sijabatizwa. Mke wangu Marta hakutaka lichanjwe kuni. Alisema gogo zuri halina dhambi. Alikuwa akiweka mahindi ndani yake. Sasa nimeweka mbuzi.

Manyunyu kutwa. Mlima haukuonekana.

Nimekula ndizi baridi. Nimesali. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 5 Juni

Ngozi imevimba. Imekuwa nene kama shavu la mtu aliyeumwa na nyuki, inateleza, na inanuka pombe. Pombe hasa. Kumbe ule uchachu ulibaki ndani ya mti miaka yote hii, ukingoja maji tu.

Mzee Filipo, mzee wetu wa kanisa, alipita na fimbo yake. Akasimama. Akanusa.

"Mwalimu, kuna harufu hapa."

"Ni ngozi, Mzee."

"Ngozi hailewi, Mwalimu."

Vijana wangu walikuwa nyuma yangu. Lazaro, yule asiyeweza kunyamaza, akasema, "Hii imelewa, Mzee. Mbuzi wa Mwalimu alikufa kilabuni." Wakaanguka kwa kicheko. Hata Mzee Filipo aligeuka upande ili asionekane uso.

Nilijua ni jambo la kuchekesha. Nilifungua mdomo nicheke. Hakikutoka kitu.

Nimeitupa korongoni. Fisi watafurahi.

Ijumaa, 6 Juni

Niandike mambo yalivyo, nisije nikayachanganya.

Bwana Mchungaji aliniita baada ya Pasaka. Akasema kundi la vijana wakubwa wanaokuja mchana wapewe kazi ya mikono. Boma inataka watu wa kwenda mashambani kwa wazungu, na kila kijana asiye na kazi yake atapewa kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, aende. Kaka yake Loishiye, mmoja wa vijana wangu, alikwenda mwaka juzi. Hajarudi, na hakuna anayejua wa kumwuliza. Bwana Mchungaji akasema: kama Jumapili ya Mavuno, mwisho wa Agosti, vijana hawa watasimama na mikanda na viatu walivyotengeneza wenyewe, ataweza kuiambia Boma kwamba hawa ni mafundi wa misheni. Kama hawana kitu mkononi, hatakuwa na la kusema.

Nikauliza nani atawafundisha. Akasema, "Wewe, Zakaria."

Nikasema sijui ngozi. Mimi ni Mmeru wa upande wa Makumira, nimezaliwa kwenye migomba, mikono yangu inajua panga na chaki. Akasema, "Utajifunza. Na itakusaidia." Hakusema itanisaidia nini. Tulijua wote wawili. Marta alifariki Novemba.

Nilikwenda mjini kwa fundi wa matandiko aliye karibu na Boma, mtu wa Tanga. Mcheshi. Akanionyesha ngozi zake. Zinakuja tayari, kwa gari la moshi hadi Moshi na kutoka hapo kwa wapagazi. "Mimi nashona tu, Mwalimu. Kutengeneza ngozi mbichi ni kazi ya wanawake wenu wa Kiarusha. Rudi juu ukaulize, walimu umewaacha nyuma yako."

Hapa kwetu kila mtu anajua ni mwanamke gani mwenye mkono kuliko wote. Mimi najua zaidi ya wote. Ni mama yake Marta.

Jumapili, 8 Juni

Ibada. Tumeimba vizuri, wanasema. Mimi niliimba maneno.

Mama mkwe sitamki jina lake, wala siliandiki, hata hapa ambapo hakuna anayesoma. Kwetu Umeru tuna heshima ya mkwe, lakini Waarusha wametupita. Mkwe hamtazami mama mkwe. Hali chakula mbele yake. Hampi kitu mkononi, anakiweka chini. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Nilipomwoa Marta nilipeleka kondoo, kama desturi yao inavyotaka, na tangu siku ile yeye akaniita Paker nami nikamwita Paker. Ni neno la watu waliopeana kondoo. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona uso sawasawa, lakini nilipopita njia ya chini ya nyumba yake, sauti ilitoka migombani: "Paker, umeamkaje?" Nilipenda sauti ile.

Siku ya kumzika Marta alikuja na viatu vipya vya ngozi ya ng'ombe. Alivitengeneza usiku ule ule. Kwao maiti wa heshima haendi peku. Mzee Filipo alimzuia langoni mwa makaburi. Akasema Mkristo anazikwa kwa sanda nyeupe basi, vitu vya safari ni vya wapagani. Bwana Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nikasema, "Kanisa limeshasema."

Akageuka, viatu kwapani. Tangu hapo hajaniita Paker. Hajaniita kitu chochote.

Sikuona kosa siku ile. Leo nikijiuliza, sipati jibu upande wowote. Naandika ilivyokuwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimepanda hadi kwake, juu ya kijito cha Kijenge. Nikasimama nje ya migomba nikakohoa. Akatoka Namnyak, mdogo wake Marta. Ana sura ya Marta kuanzia macho kwenda juu. Nilimtazama kidevu.

"Shemeji! Umekonda hivyo? Au sasa kanisa limekataza na ugali?"

Nikampa ujumbe: naomba kufundishwa ngozi, niwafundishe vijana. Nikamweleza habari ya Boma na kipande. Nikamweleza na habari ya gogo, maana ilikuwa lazima aelewe sijui kitu. Namnyak alishika mbavu. Akapaza sauti makusudi ili isikike ndani: "Mama! Shemeji amemlewesha mbuzi aliyekufa!"

Ndani ya nyumba kikatoka kicheko. Kifupi. Kikakatwa kama uzi.

Nikasikia sauti ikisema kwa Kimaa, lugha yao, Namnyak akarudia kwa Kiswahili, ingawa nilikuwa nimeshasikia: "Alete ngozi mbichi, si ya kwenye gogo. Alete visu viwili."

Namshukuru Mungu. Naandika namshukuru kwa sababu najua napaswa. Moyo hauna habari.

Jumanne, 17 Juni

Somo la kwanza.

Nilikuta miti minne imefungwa pamoja na kusimamishwa uani. Wakaiwamba ngozi yangu katikati, imekazwa kama ngoma. Yeye akakaa upande wa mashariki, mimi magharibi. Namnyak akakaa pembeni kwenye kigoda, akisuka mkanda wa shanga na kutupitishia maneno. Ni werevu wa mama mkwe mwenyewe. Mkwe na mkwe wamekaa kazi moja na desturi haijaguswa.

Jua la asubuhi lilikuwa nyuma yake. Ngozi ikapitisha mwanga. Nikaona kivuli cha mikono yake, kikubwa kuliko mikono yenyewe, kisu kikishuka polepole. "Anasema ufuate kivuli," Namnyak akasema. "Kinapopita, na wewe pita. Penye giza pana nyama. Penye mwanga mwekundu acha, utatoboa."

Nikafuata kivuli. Kisu chake kwake, changu kwangu, na ile sauti ya kukwangua.

Nimerudi na mabega yanauma. Nimelala bila kuamka.

Jumamosi, 28 Juni

Ninachojifunza juu asubuhi kabla ya darasa, nawafundisha chini mchana. Siwaambii kwamba niko mbele yao kwa nusu siku tu. Nadhani wanajua.

Nimewaonyesha majivu ya kulegeza manyoya. Nimewaonyesha gome la mgunga, kulitwanga na kulilowesha mpaka maji yawe kama chai nzito. Gogo langu tumelisugua kwa mchanga na majivu, tukalianika, tukalisugua tena. Mama mkwe ndiye aliyeagiza. Pia alisema uchachu si adui, bali huja mwishoni, na kidogo, kwa maziwa ya mgando. "Mwambie alianza na sherehe kabla ya kazi."

Vijana wanajifunza haraka. Loishiye ana mkono mwepesi. Lazaro ametoboa ngozi mara mbili. Akachungulia tundu, akasema, "Mwalimu, naiona Arusha yote mpaka Levolosi." Wakacheka. Nami nikatabasamu, ila nililifanya tabasamu kama mtu anavyovaa kofia.

Baridi kali. Ngozi hazikauki. Tunazisogeza moshini.

Ijumaa, 11 Julai

Mikanda imetoka. Ya ngozi ya ng'ombe, minene, imekunywa mafuta vizuri, ukiikunja haipasuki. Bwana Mchungaji aliivuta kwa nguvu zake zote, uso ukawa mwekundu. Haikukatika. Akasema, "Vizuri sana. Na viatu?"

Nikasema vinakuja.

Mikono yangu imekuwa myeusi kwa gome. Kanisani Jumapili mtoto mmoja alikataa kunipa mkono. Nimejaribu sabuni, limau, mchanga. Haitoki. Sijali, na kutojali huko ndiko kunakonitisha kidogo. Zamani ningeona haya.

Jumatatu, 21 Julai

Leo nimeuliza habari ya viatu.

Tulikuwa tunakwangua ngozi nene ya fahali. Kivuli kilikuwa kinakwenda vizuri. Nikamwambia Namnyak, "Mwambie Mama, zimebaki wiki chache. Naomba anifundishe kukata viatu."

Kivuli kikasimama.

Namnyak hakurudia maneno yangu. Hapakuwa na haja. Nikaona kisu kikishushwa chini. Kivuli kikawa kirefu, kikawa chembamba, kikaondoka. Ngozi ikabaki nyeupe tupu, jua limejaa.

Nikakaa pale. Namnyak alitazama shanga zake. Mwishowe akasema, "Nenda nyumbani, Shemeji." Bila mzaha. Hapo nikajua ni kubaya.

Jumatano, 23 Julai

Nimejaribu peke yangu. Nimeweka mguu wangu juu ya ngozi, nikachora kwa mkaa, nikakata. Vizuri. Nikatumia hicho hicho kipande kama kipimo, nikakata vingine kwa ajili ya vijana, kutwa nzima, nikaona naenda.

Jioni Lazaro alivipanga chini. Akavitazama. "Mwalimu, samahani. Vyote ni vya mguu wa kushoto."

Nilisahau kukigeuza kipimo. Hakuna aliyecheka mara hii, maana ilikuwa ngozi nzuri na hatuna nyingine ya namna ile. Na vile vilivyokauka vimeshaanza kujikunja ncha kama jani la mgomba motoni. Kuna jambo analijua yeye la kuzuia hilo. Mimi silijui.

Nimesali Zaburi. Maneno yalipita kama watu njiani.

Alhamisi, 24 Julai

Namnyak ameteremka. Hajawahi kuja nyumbani kwangu tangu msiba. Alikuwa na kifurushi cha majani ya mgomba. Akakaa kwenye benchi, akakifungua.

Viatu vya Marta. Vyeusi kwa moshi. Vimekuwa vikining'inia juu ya meko tangu Novemba.

"Mama ananituma hivi," akasema. "Hakatai kukufundisha. Anasema mikono imekataa. Hawezi kukata kiatu kingine wakati hiki bado kinamngoja mwenyewe. Habari ya kipande ameisikia, vijana anawahurumia, usidhani hapana. Ila mikono ndiyo hiyo." Kisha akaongeza, ya kwake mwenyewe, "Tazama vizuri, Shemeji, maana naondoka navyo."

Nikatazama. Soli imechorwa kwa mguu wake hasa. Mama alikuwa na kipimo chake tangu alipokuwa msichana. Kidole cha pili kirefu kuliko gumba. Nilikuwa nimesahau. Miaka yote ile miguu ile ilitembea ndani ya nyumba hii, na kwa miezi minane nilikuwa nimeisahau.

Kitu kilisogea kifuani. Si maumivu. Kama mtu aliyelalia mkono anapougeuza, damu bado haijafika.

Akavifunga. Akaenda.

Ijumaa, 25 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Mchungaji nikamwambia yote. Sipendi kuzunguka. Nikaomba ruhusa viatu viwekwe kaburini kwa Marta.

Alinisikiliza vizuri. Akanimiminia kahawa. Akasema, "Zakaria, nikikuruhusu wewe mwalimu, kesho ataletwa maiti na mkuki, na keshokutwa na mbuzi. Watu watasema wafu wanatembea. Wewe unajua Marta hatembei. Yuko kwa Bwana."

Nikasema najua.

"Basi hahitaji viatu."

Nikasema, "Yeye hahitaji, Bwana."

Alinielewa. Nilimwona akinielewa. Lakini akatikisa kichwa.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada alikuwapo askari wa Boma nje ya kanisa, mtu mpole tu, ameegemea ukuta. Aliwatazama vijana wangu wakitoka. Akamwuliza Mzee Filipo majina. Mzee akamwambia asubiri mpaka Mavuno, neno liko kwa Bwana Mchungaji. Namshukuru kwa hilo.

Loishiye alinijia baadaye. Haongei sana huyu. Akasema, "Mwalimu, nikienda nitaulizia habari za kaka." Kama mtu aliyekwisha kufunga mzigo.

Nilitafuta hasira, sikuipata. Nikarudi nyumbani nikakaa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimewaza tangu juzi. Leo nimepanda nikamwambia Namnyak hivi, neno kwa neno:

"Kaburi la Marta nalipalilia mimi, siku zote. Alhamisi asubuhi nitalipalilia. Udongo nitaulegeza. Nikichoka nitaliacha jembe pale, nitakaa kwenye jiwe la langoni, nitatazama upande wa barabara. Langoni hakuna mlango. Atakayepita nyuma yangu sitamwona. Na kama ni mtu ambaye sipaswi kumtazama, sitageuka."

Namnyak alinitazama juu mpaka chini. Kisha akasema, "Shemeji, leo umesema kama mtu mwenye damu."

Nimerudi nyumbani. Nimevunja neno la mchungaji wangu au sijalivunja? Sijui. Ee Mungu, wewe unajua. Mimi nimechoka kutojua.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilipalilia. Nililegeza udongo upande wa miguu. Nikaliacha jembe. Nikakaa kwenye jiwe.

Ukungu ulikuwa chini, barabara haionekani mbali. Nilikuwa na Agano Jipya mkononi, nikasoma mstari mmoja, nikausoma tena, nikausoma tena.

Nyayo zikapita nyuma yangu. Polepole, za mtu mzima. Zikasimama kidogo mgongoni mwangu. Kisha zikaendelea.

Nikasikia jembe. Nikasikia udongo. Kisha sauti yake ikizungumza na mwanawe kwa Kimaa, kawaida kabisa, kama mama anayemvalisha mtoto anayetaka kutoka. Kimaa changu si kizuri lakini nilielewa yote. Siandiki. Ni yao.

Nilitaka kugeuka. Shingo yote iliuma kwa kutaka. Tangu Novemba sijataka kitu namna ile. Sikugeuka.

Nyayo zikarudi. Zikapita. Nilipoinuka nikakuta jembe limefutwa udongo kwa majani na kuegemezwa vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee Filipo amekuja. Hakukaa.

"Mwalimu, mama mkwe wako alionekana makaburini."

"Nimesikia, Mzee."

"Wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo."

"Uliona alichofukia?"

"Mzee Filipo, wewe ni Mwarusha wa kuzaliwa. Mkwe humtazama mama mkwe?"

Akaipiga fimbo chini. Ana wakwe watatu na wote humkimbia mkewe na kuingia migombani, hawezi kusema desturi haipo. "Mmeru mjanja wewe," akasema, akaondoka. Nadhani alikuwa anacheka. Sina hakika.

Lakini jibu la kumfunga Mzee Filipo mdomo halitoshi kwa Mungu. Mchana nikaenda mwenyewe kwa Bwana Mchungaji. Nikasema, "Sikutazama. Lakini nilijua. Udongo niliulegeza mimi, na jembe ni langu."

Aliiacha kahawa yake mpaka ikapoa. Akasema Jumapili ya Mavuno nisije Mezani kwa Bwana. Nikae nyuma. Nikasema ndiyo, Bwana. Akauliza, "Utaendelea kuwafundisha?" Nikasema kama nitafundishwa.

Hakusema vifukuliwe. Hilo naliandika kwa sababu angeweza.

Jumanne, 12 Agosti

Hakuna habari kutoka juu. Jana nilikohoa nje ya migomba, hakutoka mtu. Labda nimechelewa. Labda ilikuwa lazima iwe siku ile ya Novemba, na siku nyingine si siku.

Vijana wamekaa na mikanda yao. Ngozi mpya ya viatu imelowana tayari. Siku zinakwenda.

Alhamisi, 14 Agosti

Namnyak ameniita kutoka barabarani, kwa sauti ya watu wote kusikia: "Shemeji! Mama anasema uje na mkaa! Na uje na miguu yote miwili, amesikia habari za kushoto!"

Sijui nani alimwambia. Lazaro bila shaka.

Tumekata viatu. Ngozi ililazwa chini safari hii, na katikati yetu wakatundika kipande cha ngozi ya zamani. Mikono ya mama mkwe ilitokea chini ya kipande hicho. Niliiona kwa mara ya kwanza. Midogo. Myeusi kwa gome, kama yangu.

Ile siri ya kujikunja si siri. Soli inapigwa kwa jiwe ikiwa bado na unyevu, na gidamu, ule ukanda unaoshika kidole, inavutwa kutoka chini, ikaushwe pamoja na soli mguuni mwa mtu. "Kiatu kinajifunza mguu kikiwa kibichi," Namnyak akapitisha. "Kikikauka peke yake kinamsahau mtu."

Nikaandika hilo kwenye kiganja kwa mkaa nisije nikalisahau.

Jumamosi, 23 Agosti

Vijana wametembea kutwa na viatu vibichi, wanateleza kwenye matope kama ndama. Loishiye ametengeneza jozi mbili. Sikumwuliza ya pili ni ya nani. Ni kubwa kuliko mguu wake.

Jumapili, 31 Agosti

Mavuno. Migomba imefungwa nguzoni, maboga, mahindi, kahawa kikapuni. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wanaojifunza ubatizo.

Kisha vijana wakaingia. Viatu vipya hulia. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kila hatua, nyiii, nyiii, kundi zima, toka mlangoni mpaka mbele. Watu waliinamisha vichwa wasicheke. Lazaro alitembea kwa madaha makusudi, vilie zaidi.

Bwana Mchungaji alishika kiatu kimoja juu, watu wakaona. Askari alikuwa mlangoni. Bwana Mchungaji akamwambia kwa sauti, "Hawa ni mafundi. Wana kazi hapa." Askari akaandika kitu, akavaa kofia, akaenda. Basi. Ilikuwa fupi hivyo.

Wakati wa Meza walikwenda mbele, nami nikabaki. Nikasikiliza viatu vikienda na kurudi. Nikamwaza Marta. Si vile alivyolala mwisho. Nilimwaza anatembea, kidole cha pili mbele ya gumba.

Machozi yalitoka. Sikuyaita. Mwanamke mmoja wa benchi lile, ambaye hajabatizwa bado, alinisukumia ncha ya kanga yake. Nikaitumia.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepanda kurudisha kisu chake, alichoniazima kukatia viatu. Mlima ulikuwa wazi, mpaka kilele.

Namnyak hakuwapo, ameshuka sokoni. Uani ngozi mpya imewambwa. Nikakiweka kisu chini. Nikataka kuondoka. Kivuli kikaja upande wa pili, kikakaa, kikaanza kazi.

Nikakaa upande wangu. Nikatoa kisu changu.

Tulikwangua mpaka jua likapanda. Hapakuwa na mtu wa kutupitishia maneno, kwa hiyo hapakuwa na maneno.

Kisha kivuli kikasimama.

"Paker," akasema. "Kisu chako ni butu."

Nikakinoa.